Mtaa wa Al-Ghuriyya katika Picha ya David Roberts: Ushahidi wa Jicho na Haki za Njia

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Miongoni mwa picha za zamani za miji ya Waislamu ambazo hadi leo huchapwa tena na tena katika vitabu na kalenda, imo moja iitwayo Soko la Wauza Hariri, Cairo. Ilichorwa na David Roberts, mtu wa Scotland, aliyekaa katika mji huo kati ya mwisho wa mwaka 1838 na mwanzo wa mwaka 1839. Huenda msomaji ameiona bila ya kujua jina lake. Ni mtaa mwembamba, kuta ndefu za mawe huku na huku, paa la mbao juu kabisa, na chini umati wa watu wenye vilemba wakiuza na kununua.

Tumeona ni vyema kuizungumzia picha hii katika kurasa hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kazi nzuri, na aliyefanya kazi vizuri hupewa haki yake hata kama si katika watu wa dini yetu. Ya pili, na ndiyo kubwa zaidi, wapo wanaoitazama picha kama hii na wakaridhika kusema: "Tazameni utukufu wetu ulivyokuwa." Neno hilo halitoshi. Picha ni habari, na maulamaa wetu wametufundisha kwamba habari haipokelewi kwa uzuri wake. Huulizwa kwanza imepitia kwa nani, kisha hutazamwa yaliyomo. Tukifuata njia hiyo tutaipenda picha hii zaidi, na pia tutaona yale ambayo mchoraji mwenyewe aliyachora bila ya kuyafahamu.

Yaliyomo katika picha

Picha imesimama wima, na urefu wake ndio unaomshika mtazamaji mwanzo. Jicho huanza chini, penye watu, likapanda juu ya kuta zilizojengwa kwa safu za mawe ya rangi mbili zinazopishana, mpaka likafika kwenye boriti za paa linalovuka mtaa kutoka jengo moja hadi la pili. Mwanga wa jua hauingii kwa wingi. Unapenya juu na kuangukia sehemu moja ya ukuta, na pengine pote pamebaki katika kivuli. Anayejua jua la Misri hahitaji kuambiwa kwa nini wafanyabiashara wa nguo walipapenda mahali hapa. Nguo ya rangi ikipigwa na jua kutwa huchujuka, na mnunuzi akiungua na jua hasimami kupatana bei.

Chini kuna maduka. Si maduka ya kuingia ndani kama tulivyozoea leo, bali ni vyumba vidogo vilivyo wazi mbele, na mbele ya kila kimoja kuna baraza ya kukalia iitwayo mastaba. Edward William Lane, Mwingereza aliyekaa sana Cairo na kuandika kitabu juu ya desturi za watu wake kilichotoka mwaka 1836, ameyaeleza maduka ya namna hii kwa kirefu. Mwenye duka hukaa juu ya mastaba, mteja naye hukaribishwa kukaa kando yake, na biashara huenda kwa mazungumzo. Maelezo ya Lane na picha ya Roberts yanaafikiana, na kila mmoja alifanya kazi yake peke yake. Kuafikiana huku ni jambo la kutiliwa maanani, kama ambavyo riwaya moja hupata nguvu inapoungwa mkono na nyingine.

Majengo yale mawili marefu yanajulikana. Ni ya Sultani Qansuh al-Ghuri, mmoja wa masultani wa mwisho wa Mamluki, aliyetawala Misri na Sham tangu mwaka 906 Hijria hadi 922 (1501 hadi 1516 Miladia). Upande mmoja wa mtaa ni msikiti wake uliokuwa pia madrasa. Upande wa pili ni kaburi alilojitengenezea, pamoja na khanqah ya masufi, sabili ya kunyweshea watu maji, na chuo cha watoto cha kusomea Qur'ani juu ya sabili hiyo. Yalijengwa mwanzoni mwa karne ya 16 juu ya njia kuu ya Cairo, ile inayotoka Bab al-Futuh hadi Bab Zuwayla, karibu sana na Al-Azhar. Kwa jina la Sultani huyo mtaa ukaitwa Al-Ghuriyya, na ndilo jina lake hadi leo.

Sanadi ya picha

Sasa tuulize: habari hii imetufikia kwa njia ya nani?

Msimulizi wa kwanza ni Roberts mwenyewe, aliyezaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1796 na kufariki mwaka 1864. Alikuwa mtoto wa fundi viatu. Alianza kazi kwa kujifunza upakaji rangi wa nyumba, kisha akawa mchoraji wa mapazia ya jukwaa katika majumba ya michezo ya kuigiza, mpaka akafika majumba makubwa ya London. Jambo hili tuliweke akilini. Mtu aliyezoea kuchora mapazia ya jukwaa huzoea kukuza majengo na kudogosha watu, ili mtazamaji aliyekaa mbali ashtuke kwa ukubwa anaouona. Wachambuzi wa kazi zake wamekwishaonyesha kwamba katika picha zake za Misri alifanya hivyo mara nyingi. Basi ukiona kuta za Al-Ghuri zimepanda kama mlima na watu chini yake ni kama sisimizi, usikadirie urefu wa jengo kwa kulinganisha na watu hao.

Hata hivyo Roberts alikuwepo. Alisimama mtaani na penseli yake. Katika maandishi yake ya safari amelalamika juu ya shida ya kuchora katika mitaa ile myembamba, kwamba watu walimzunguka kumtazama, na ngamia waliobeba mizigo walikaribia kumbana ukutani. Alipotaka kuingia misikitini akatakiwa avae mavazi ya watu wa nchi, na akaahidi kwamba hatatumia brashi za manyoya ya nguruwe. Sharti hili laweza kumchekesha asiyejua, lakini mwanafunzi wa fiqhi hacheki. Nguruwe ni najisi, nywele zake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na msikiti hauingizwi najisi. Ama yeye mwenyewe kuingia, Shafii wameruhusu asiye Mwislamu aingie msikiti usiokuwa wa Haram ya Makka kwa idhini ya Waislamu. Basi watu wa Cairo waliompa ruhusa hawakuwa wakimsumbua. Walipima jambo kwa mizani ya sheria, wakatoa lililoruhusiwa na wakazuia lililokatazwa.

Msimulizi wa pili ni Louis Haghe, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi London. Roberts alirudi na michoro yake, na Haghe ndiye aliyeihamishia kwenye jiwe. Ufundi huu wa kuchapa kwa jiwe uligunduliwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Fundi huchora juu ya jiwe laini la chokaa kwa chaki yenye mafuta, kisha jiwe hulowanishwa maji na kupakwa wino. Wino hushika penye mafuta na kukimbia penye maji, na karatasi ikikandamizwa juu yake hutoka na picha. Haghe alikuwa na ulemavu wa mkono wa kulia, akafanya kazi yote hii kwa mkono wa kushoto. Picha zilizotoka mikononi mwake kwa ajili ya Roberts zilipita 240, zikatolewa na mchapishaji F. G. Moon wa London sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1842 na 1849, na zile za Misri zikaanza kutoka mwaka 1846.

Haghe hakuwa pamoja na Roberts katika mtaa ule. Alipokea kutoka kwa aliyeona. Na wale waliopaka rangi kwa mkono katika nakala za ghali walipokea kutoka kwa Haghe. Kwa hiyo umbo la mtaa, mpangilio wa paa na maduka, hayo yana sanadi iliyo karibu. Ama rangi ya kanzu ya fulani au kilemba cha fulani katika nakala iliyopakwa rangi, hiyo imepita mikono mingi, wala haifai kujengewa hoja. Mwanahistoria anayeandika juu ya mavazi ya Wamisri kwa kutegemea rangi za picha hizi ni kama anayetoa hukumu kwa riwaya ya mtu asiyejulikana.

Tuongeze pia wakati wake. Ufundi wa kupiga picha kwa kamera ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka huo huo wa 1839. Roberts ni katika watu wa mwisho kuichora Cairo kabla ya kamera kufika. Ndiyo maana ushahidi wake una thamani: kwa mengi aliyoyaona hatuna picha ya kamera ya siku zile ya kuulinganisha nao.

Paa juu ya njia ya watu wote

Mtazamaji wa kawaida huliona paa lile la mbao kuwa ni pambo la picha. Msomaji wa fiqhi anapaswa kusimama hapo na kuuliza: ni nani aliyeruhusu njia ya Waislamu wote ifunikwe paa?

Suala hili lina mlango wake. Imam al-Nawawi (rehema za Allah zimfikie), aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amelitaja katika Minhaj al-Talibin, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi na vizazi. Katika mlango wa suluhu anaeleza kwamba njia iliyo wazi kwa watu wote haifanyiwi jambo linalowadhuru wapitao. Kisha anataja vitu viwili kwa majina: ubao au chumba kinachochomoza kutoka ukutani, na sabat, yaani paa au dari linalounganisha nyumba mbili juu ya njia. Vyote viwili havikatazwi moja kwa moja. Sharti ni kwamba viinuliwe kiasi ambacho mtu atapita chini yake wima bila ya kuinama. Na ikiwa njia hiyo hupitwa na wapanda farasi na misafara, basi viinuliwe zaidi, mpaka ngamia apite na kikapu chake mgongoni pamoja na miti ya kivuli iliyo juu ya kikapu hicho.

Ndugu msomaji, rudi sasa kwenye picha. Tazama paa lilivyo juu, limekaa kwenye kimo cha kuta za misikiti, na ngamia wawili wakipandana hawaligusi. Ngamia wale wale waliomsumbua Roberts asichore kwa raha ndio waliowekewa kipimo na mafakihi karne nyingi kabla yake. Mchoraji aliwaona ngamia akachukia, akaliona paa akalipenda, na hakujua kwamba urefu wa hili unahusiana na haki za wale.

Sisi watu wa pwani hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Katika Lamu na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar tunayo wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kikiunganisha nyumba mbili, mara nyingi za ndugu au za watu waliooana. Wikio na sabat ni jambo moja katika hukumu. Wazee waliojenga wikio walijua kwamba chini yake atapita mtu na mzigo kichwani, na jeneza mabegani mwa watu. Leo tunajenga vibaraza vya ghorofani na kutoa mabati hadi katikati ya uchochoro, na mpitaji ndiye anayeinama.

Mastaba, baraza na haki za wapitao

Chini ya paa kuna mastaba za maduka, na hapa hukumu ni kali zaidi. Katika Minhaj rai iliyotangulizwa ni kwamba kujenga baraza ndani ya njia ya watu wote hakuruhusiwi, na rai kwamba inajuzu isipodhuru imetajwa kwa namna inayoonyesha udhaifu wake. Sababu waliyoieleza wafafanuzi ni ya kuona mbali. Kilichojengwa hubaki. Leo njia haina watu wengi na baraza haimdhuru yeyote, kesho watu wataongezeka, na muda ukirefuka hakuna atakayekumbuka kwamba pale palikuwa njia. Ama baraza iliyojengwa ndani ya mpaka wa milki ya mwenye nyumba, hiyo ni habari nyingine.

Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111) katika Ihya' amezihesabu baraza zilizochomoza, nguzo, miti na kufunga wanyama mtaani kuwa miongoni mwa maovu ya njia, pale vinapoifanya njia kuwa nyembamba na kuwadhuru wapitao. Naye al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa muhtasib katika karne ya 6 Hijria, ameeleza kwamba mfanyabiashara haruhusiwi kuitoa mastaba ya duka lake ikapita nguzo za paa la soko na kuingia njiani, kwa kuwa huko ni kuwavamia wapitao.

Lakini sheria haikuwafukuza wauzaji njiani kwa jumla. Al-Nawawi katika mlango wa kuhuisha ardhi anaeleza kwamba faida ya asili ya njia ni kupita, na pamoja na hivyo yajuzu kukaa humo kwa kupumzika au kwa biashara, maadamu mtu hawabani wapitao, wala hahitaji idhini ya mtawala. Anaruhusiwa hata kujiwekea kivuli cha mkeka. Huu ndio uadilifu: mwenye duka anaangaliwa asizidi, na mwenye bidhaa chache asiye na duka naye ana nafasi yake. Al-Maqrizi, mwanahistoria mkubwa wa Cairo aliyefariki mwaka 845 Hijria (1442), anawataja wauzaji waliokaa chini katika njia kuu hii hii na jinsi watawala walivyokuwa wakiwaondoa kwa sababu ya kubana njia. Maneno yake yana uzito, kwani yeye mwenyewe alipata kuwa muhtasib wa Cairo. Ugomvi wa mpitaji na mwuzaji haukuanza katika miji yetu.

Asili ya yote haya ni mafunzo ya Mtume (s.a.w.). Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliwaonya Masahaba juu ya kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana budi, kwani ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Watazame watu waliokaa katika picha ya Roberts. Wasafiri wengi wa Ulaya waliwaona watu wa namna hii wakawaita wavivu waliokaa tu. Kumbe kukaa kule kulikuwa na adabu zake na wajibu wake, na aliyekaa barazani alikuwa na deni kwa kila anayepita.

Hariri na mizani

Jina la soko lenyewe linaleta swali kwa wanafunzi: inakuwaje soko la hariri litegemee ukuta wa msikiti, na hariri ni haramu kwa wanaume? Jibu ni jepesi. Hariri ni halali kwa wanawake, na kitu chenye matumizi halali huuzwa. Mtume (s.a.w.) alimpa Umar (r.a.) vazi la hariri, na Umar aliposhangaa akajulishwa kwamba hakupewa alivae.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni udanganyifu. Al-Shayzari ana mlango mahsusi wa watu wa hariri, na humo anataja hila za kuizidisha uzito kwa wanga, samli au mafuta. Na hapa ndipo mwanga ule mdogo unaopendeza katika picha unapokuwa na upande wa pili. Kivuli huhifadhi rangi ya nguo, na kivuli pia huficha kasoro yake. Mchoraji anatupa kivuli tu. Muhtasib aliyekuwa akizunguka na mizani hayumo katika picha, na bila ya yeye soko hili halieleweki.

Uzuri wa jengo na mali iliyolijenga

Tumefika mahali pazito. Mapato ya majengo haya yalitokana na wakfu, na chini ya madrasa palikuwa na maduka ya kupangisha, kodi yake ikihudumia msikiti, walimu, wanafunzi na maji ya sabili. Huu ni mpango mzuri, na misikiti mingi ya Afrika Mashariki inautumia hadi leo.

Lakini mwanahistoria Ibn Iyas, aliyeishi zama za Sultani al-Ghuri mwenyewe na kuyaona kwa macho yake, ametuachia habari chungu. Sultani huyo alikuwa mwingi wa kunyang'anya mali na kutoza watu kwa dhulma, na marumaru na vifaa vya jengo lake vilichukuliwa katika majengo ya wengine. Watu wa Cairo, kwa ulimi wao mkali, wakaupachika msikiti huo jina la Al-Masjid al-Haram, wakicheza na maana mbili za neno: msikiti mtukufu, na msikiti wa haramu.

Mafakihi wamezungumzia kuswali mahali palipoporwa. Kwa wengi wao, na Shafii wakiwemo, swala inasihi pamoja na dhambi. Rai mashuhuri kwa Hanbali ni kwamba haisihi. Kwa rai yoyote kati ya hizo, hakuna fakihi aliyesema kwamba uzuri wa mihrabu unasafisha mali iliyoijenga.

Na mwisho wa Sultani huyo una mazingatio. Mwaka 922 Hijria, Agosti 1516, alitoka kupambana na Sultani Selim wa Uthmaniyya huko Marj Dabiq, kaskazini ya Halab. Akafa katika vita na mwili wake haukupatikana. Kaburi alilojitengenezea kwa fahari yote ile hakuzikwa. Aliyezikwa humo ni mrithi wake Tuman Bay, aliyenyongwa Bab Zuwayla mwaka 1517, mwendo mfupi kutoka mtaa huu. Anayeutazama ukuta ule katika picha na akasema "huu ni utukufu wetu" na aongeze kuuliza: ni utukufu wa nani, na kwa jasho la nani?

Kuna pia dhulma ya karibu zaidi na siku za Roberts. Muhammad Ali Pasha, aliyekuwa mtawala wa Misri wakati picha inachorwa, alikuwa ameshazitia kodi na kuzichukua ardhi nyingi za wakfu za mashambani katika miaka ya 1809 hadi 1814. Misikiti na madrasa zilizotegemea mashamba hayo zilidhoofika. Uchakavu uliowavutia wachoraji wa Ulaya, kuta zilizochunika na mbao zilizolegea, waliuona kuwa ni uzuri wa ukale. Sehemu yake ilikuwa ni wakfu ulionyimwa haki yake. Roberts hakudanganya katika kuuchora uchakavu huo. Alichokosa ni kujua sababu yake.

Suala la taswira

Hatuwezi kumaliza bila ya kujibu swali ambalo imamu ataulizwa: je, yafaa kuwa na picha hii, nayo ina sura za watu?

Hukumu ya kutengeneza sura za viumbe wenye roho inajulikana, na Imam al-Nawawi katika sherehe ya Sahih Muslim ameshikilia uharamu wake. Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji aliyemjia achore miti na visivyo na roho. Wapo wanachuoni wengine, hasa miongoni mwa Maliki, walioona picha isiyo na kivuli, iliyo juu ya kitu bapa, kuwa ni makruhu. Mchoraji wa picha hii si Mwislamu, na kazi imekwishafanyika. Linalotuhusu ni kuitumia. Rai tunayoiona kuwa salama ni kwamba ibaki katika kitabu kwa ajili ya elimu, wala isitundikwe msikitini au upande wa kibla. Mtume (s.a.w.) aliamrisha pazia lenye picha liondolewe mbele yake kwa kuwa zilimshughulisha katika swala. Na anayetaka kujitoa katika hitilafu, basi majengo na paa ndiyo sehemu kubwa ya picha hii, na yeye aitumie sehemu hiyo.

Faida ya kubaki nayo

Picha hii ni shahidi mzuri wa alichokiona, naye alikiona kwa jicho kali na mkono hodari. Ametuhifadhia paa, baraza na kivuli cha mtaa ambao bila ya yeye tungeusoma kwa maneno tu. Hilo ni deni, na tunalikiri. Maana ya alichokiona imo katika vitabu vyetu, na aibu ni yetu tukiwa na vitabu hivyo rafuni halafu tukategemea shahidi wa nje atueleze mji wetu.

Tunawanasihi walimu wa madrasa wanaosomesha mlango wa suluhu, ambao wanafunzi wengi huuona mkavu, waiweke picha hii mbele ya darasa lao. Wawaulize: sabat iko wapi? Imetimiza sharti? Mastaba hii imevuka nguzo au haikuvuka? Kodi ya duka hili inakwenda wapi? Kisha watoke nao nje, wapime njia inayoelekea msikitini kwao. Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba watu wakizozana juu ya upana wa njia, ifanywe dhiraa saba. Wahesabu ni dhiraa ngapi zimebaki, na ni ngapi zimeliwa na maduka ya wakfu wa msikiti wenyewe. Kamati ya msikiti inayobana njia ya Waislamu ili ipate kodi ya kuendesha msikiti imefanya, kwa kiasi chake, kile ambacho watu wa Cairo walimlaumu Sultani al-Ghuri.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipa njia haki yake. Wallahu a'lam.